Njia ya Sauti: Kujifunza Programu za Kurekodi Muziki Masasi na Newala

Programu ya kurekodi muziki ni studio nzima iliyoingizwa ndani ya kompyuta. Mna kinasa chenye treki nyingi, meza ya kuchanganyia sauti, ngoma na vinanda visivyoshikika kwa mkono, na mkasi wa kukata na kuunganisha sauti. Anayeifungua kwa mara ya kwanza huviona vyote kwa pamoja kwenye kioo kimoja, na ugumu wake unaanzia hapo. Kitufe kimoja kimoja si kigumu. Mtoto wa shule ya msingi akielekezwa anaelewa. Kinachomshinda anayeanza ni kutojua kipi hutangulia, na kipi kinaweza kusubiri mwaka mzima bila hasara yoyote.

Studio za Masasi na Newala, kama za miji mingi midogo ya Tanzania, mara nyingi ni chumba kimoja cha kupanga: laptopu, kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili ya maiki, maiki moja, spika mbili na hedifoni. Programu zinazokutwa humo mara kwa mara ni FL Studio na Cubase. Wapo mafundi wanaotengenezea biti kwenye ya kwanza, kisha wakaingizia sauti za waimbaji kwenye ya pili, kwa sababu kila moja ilizaliwa na kazi yake. Cubase ilitolewa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1989, na tangu mwanzo ilipanga muziki kwa mistari inayotoka kushoto kwenda kulia, kama mkanda unavyopita kwenye kinasa. FL Studio ilitoka Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Mwanzoni haikuwa kinasa hata kidogo. Ilikuwa mashine ya kupangia ngoma yenye visanduku 16, na visanduku hivyo bado vipo hadi leo.

Historia hii si pambo. Karibu kila picha iliyo kwenye kioo ni picha ya chombo kilichowahi kuwapo mezani katika studio za Ulaya na Marekani: vifundo vya kuzungusha, vitelezi vya kupandisha na kushusha, taa za kijani na nyekundu. Fundi wa zamani alipohamia kwenye kompyuta alikuta vyombo vyake vilevile. Kijana wa Newala anakutana na picha kabla ya chombo. Ndiyo maana waliowahi kusimamia mikisa ya kwaya kanisani huelewa upesi kuliko wenzao. Wamekwisha kushika kitelezi kwa kidole, wamekwisha kusikia spika ikipiga mluzi maiki ilipoielekea, na wanajua kwamba sauti ina mahali inapoingia na mahali inapotokea.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alianzia Masasi mjini, kwa fundi aliyekuwa na kanuni moja ya kufundishia: mwanafunzi hafungui plagini yoyote, yaani kiprogramu cha kubadili sauti kinachochomekwa ndani ya programu kubwa, mpaka aweze kueleza kwa mdomo sauti imepita wapi. Kutoka kinywani huingia kwenye maiki na kuwa umeme mdogo sana. Umeme huo hukuzwa ndani ya kadi, kisha hupimwa na kugeuzwa namba. Namba huingia kwenye treki, treki hupeleka kwenye mikisa ya ndani ya programu, mikisa hurudisha kwenye kadi, na kadi hugeuza namba kuwa umeme wa kusukuma spika. Vituo saba, labda vinane. Sauti isiposikika, mwanafunzi hakuruhusiwa kubonyeza ovyo. Alitakiwa aanze kwenye maiki na kukagua kituo baada ya kituo: je, waya umeingia, maiki imepewa umeme wake, treki imechaguliwa kusikiliza tundu la kwanza au la pili, kitufe chekundu cha treki kimewashwa? Kazi hii inachosha, na wengi huikimbilia YouTube kutafuta njia ya mkato. Hata hivyo, sehemu kubwa ya matatizo ya miezi ya mwanzo ni ya njia, na njia ikishaeleweka kwenye programu moja, zile nyingine zote hufunguka, kwa maana zinatofautiana rangi na mpangilio tu.

Baada ya njia huja kiwango. Katika kompyuta, sauti ina dari, nayo ni sifuri ya desibeli. Ikigonga dari hukatwa kichwa, na kilichokatwa hakirudi. Waliozoea kinasa cha kaseti walifundishwa kurekodi kwa sauti kubwa ili kufunika kelele ya mkanda, na mazoea hayo yamerithiwa na vijana ambao hawajawahi kushika mkanda. Siku hizi hayana kazi. Kadi inayorekodi kwa biti 24, yaani tarakimu za kompyuta na si midundo, hugawa sauti katika ngazi zaidi ya milioni 16. Vilele vikiishia desibeli 12 chini ya dari, bado zimebaki ngazi zaidi ya milioni nne, na mwimbaji wa kwaya aliyesisimka kwenye kibwagizo amepata nafasi ya kupaza sauti bila kuharibu kazi.

Kisha kuna uchelewaji, jambo ambalo huwakatisha tamaa waimbaji wengi wa mara ya kwanza. Mwimbaji huvaa hedifoni, huimba, na kujisikia akichelewa nyuma ya biti. Hudhani amepoteza mwendo. Sababu ni bafa, yaani fungu la namba ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia. Kwenye mwendo wa sampuli, yaani namba hizo, 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 huchukua milisekunde 23 hivi wakati wa kuingia, na nyingine kama hizo wakati wa kutoka. Sauti hewani husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mwimbaji huyo anajisikia kama mtu aliyesimama karibu mita 16 kutoka alipo. Bafa ikishushwa hadi 128, umbali huo hupungua kuwa mita mbili, naye hujiona amerudi mwilini mwake. Tatizo ni kwamba laptopu ya zamani hushindwa kasi hiyo na kuanza kutoa mikwaruzo. Hapo fundi huchagua: ama azime plagini zote wakati wa kurekodi, ama atumie kitufe cha kadi kinachomrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta. Bafa ndogo wakati wa kuimba, bafa kubwa wakati wa kumiksi. Anayeanza akishika hilo peke yake amepata faida kubwa.

Chumba nacho ni sehemu ya programu, ingawa hakipo kwenye menyu. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazizuii sauti kutoka wala kuingia. Hupunguza kidogo mlio mwembamba na kuacha mzito ukivuma. Blanketi zito, godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, au kabati lililojaa nguo husaidia zaidi. Bati nalo lina majira yake. Mvua za kusini hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na hakuna plagini inayoondoa mvua ya bati nyuma ya sauti ya mtu. Bahati mbaya msimu wa kuuza korosho, wakati watu wana fedha mkononi na studio zina wateja, huangukia Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo mvua za kwanza huwakuta waimbaji wamepanga foleni. Waliozoea huingiza sauti asubuhi na kuacha mchana kwa kumiksi.

Yote hayo mwanafunzi anaweza kujifunza popote. Kinachofundishwa na Uwanda wa Makonde wenyewe ni ngoma. Njia ya kutoka Masasi huacha majabali ya mji na kupanda mpaka Newala, mji uliokaa ukingoni mwa uwanda, bonde la Ruvuma likiwa chini na Msumbiji ng'ambo. Mwandishi alipandishwa huko na fundi wake kwenda kurekodi kikundi cha sindimba, ngoma ya Wamakonde. Tangu uhuru ngoma hiyo imechezwa kote nchini, mashuleni na kwenye sherehe za taifa, hata wengine wamesahau inakotoka. Hapo ndipo programu ilipojaribiwa kwelikweli.

Jaribio hilo halikuwa la kwanza mahali hapo. Mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji vilikuwa havijapoa, mtaalamu wa elimu ya makabila kutoka Leipzig, Karl Weule, alipita Masasi na kukaa Newala akiwa na kamera ya picha zinazotembea na fonografu ya kunasia sauti kwenye mitungi ya nta. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilichapishwa mwaka 1908. Mtungi wa nta wa wakati ule ulichukua dakika chache tu. Haukuwa na maiki wala umeme: mwimbaji aliimba ndani ya pembe, na nguvu ya sauti yenyewe ndiyo iliyosukuma sindano ichore. Nta hulainika kwa joto. Ngoma kubwa ikiwa karibu mno, sindano huruka. Ikiwa mbali mno, hakichorwi kitu. Fundi wa zama hizo hakuwa na cha kusahihisha baadaye. Kazi yake yote ilikuwa kupanga watu: nani asogee, nani arudi nyuma, nani aanze. Inashangaza jinsi kazi hiyo ilivyobaki ileile baada ya zaidi ya miaka 100. Kadi yenye matundu mawili ya maiki haimpi fundi wa Newala uhuru mkubwa kuliko pembe moja, na mpangilio wa wapigaji mbele ya maiki mbili huamua ubora wa rekodi kuliko kitu chochote kitakachofanywa kwenye kioo.

Siku hiyo ya sindimba, maiki moja iliwekwa mbele ya wapigaji wa vinganga, ngoma ndogo zenye mlio mkali zinazoshika mwendo usiobadilika. Nyingine ilisimamishwa mbali kidogo, juu ya kichwa cha mtu, kupokea ngoma kubwa na kiitikio cha wanawake. Zilivikwa vipande vya sponji, maana upepo wa ukingoni Newala haupumziki, na upepo ukigonga maiki hutoa mngurumo unaomeza ngoma nzito. Ilibidi pia kusubiri moto. Ngozi ya ngoma hukazwa kwa kupashwa moto kabla ya kupigwa, na kadiri inavyopoa hulegea na mlio wake kushuka. Programu hufanya ionekane rahisi kuchukua mwanzo wa rekodi ya kwanza na kuuunga na mwisho wa rekodi ya tatu. Kwa ngoma zilizowambwa ngozi haiwezekani: kiungo hicho husikika wazi, kana kwamba wapigaji wamebadilishwa katikati. Njia ni kupasha ngoma upya kila baada ya kurekodi na kuchagua wimbo mmoja uliotoka mzima, hata kama una kasoro ndogo.

Somo gumu zaidi lilikuja laptopu ilipofunguliwa jioni. Programu hizi huchora muda kwa gridi. Kwa kawaida, bila mtumiaji kuulizwa, kila pigo hugawanywa mara nne, na vile visanduku 16 vya FL Studio ni mapigo manne yaliyogawanywa hivyo. Biti nyingi za Bongo Fleva hukaa humo bila shida. Sindimba haikai. Mwendo wake hugawa pigo mara tatu, na juu ya tatu hizo mpigaji mkuu huweza kuingiza mbili, akiwavuta wachezaji huku na huku. Hesabu inaonyesha kinachotokea. Kwa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500. Likigawanywa mara tatu, vipigo vya ndani hukaa milisekunde 167 na 333. Gridi ya nne ina nafasi kwenye 125, 250 na 375. Ukibonyeza kitufe cha kunyoosha vipigo, kile cha 167 huvutwa hadi 125 na kile cha 333 husukumwa hadi 375. Kila kimoja kimehamishwa milisekunde 42, karibu robo ya nafasi yake yote, na hakuna tena sindimba.

Fundi alitayarisha nakala mbili, moja kama ilivyopigwa na nyingine iliyonyooshwa, akamwekea hedifoni mzee kiongozi wa kikundi bila kumwambia ipi ni ipi. Kwa ile ya kwanza mzee alitikisa mabega. Ya pili aliisikiliza kidogo tu, akavua hedifoni.

“Mjukuu wangu, hawa wanaopiga hapa ni akina nani?”

“Ni ninyi, babu. Mashine imewapanga upya.”

“Basi iambie itupange tulivyokuwa.”

Kuna namna mbili za kuiambia. Ya kwanza ni kubadili gridi kabla ya kazi: kwenye mpangilio wa programu, pigo ligawanywe mara tatu, na mstari uwe na vipigo 12 badala ya 16. Hii inafaa kwa anayepanga biti mwenyewe kwa visanduku akitaka ikae juu ya mwendo wa Kimakonde. Ya pili, ambayo ndiyo bora kwa ngoma hai, ni kuiacha gridi kabisa. Rekodi ngoma bila mlio wa kuhesabia, kisha tafuta mwanzo wa kila mzunguko kwa sikio, weka alama hapo, na uifanye programu ifuate alama zako. Mwendo wa kikundi hupanda kadiri wachezaji wanavyochangamka. Mzunguko wa mwisho huwa mfupi kuliko wa kwanza, na hilo si kosa la kusahihishwa. Kazi hii ni ya polepole, lakini kinanda au gitaa litakaloongezwa baadaye litapanda na kushuka pamoja na wapigaji. Programu nyingi pia huruhusu kunyoosha kwa sehemu, asilimia 30 au 50 badala ya 100. Ni kifaa kizuri kwa gitaa lililochechemea, ila hakifai kupelekwa kwenye ngoma kabla gridi yenyewe haijawekwa sawa.

Kwaya zina suala linalofanana na hilo. Masasi ni mji wa kanisa tangu wamisionari wa Kianglikana walipoweka makazi yao hapo mwaka 1876, na kwaya ni wateja muhimu wa studio. Kwaya humfuata mwalimu wake kwa macho. Hushusha mwendo mwisho wa ubeti na kupumua pamoja. Ukiwavalisha hedifoni zenye mlio wa kuhesabia, macho huacha kumtazama mwalimu na pumzi hutawanyika. Afadhali mwalimu peke yake asikie mlio huo, au asiwepo wa kuusikia. Tahadhari hiyohiyo ihusu plagini za kunyoosha sauti, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1997 na sasa zimo karibu kila studio. Plagini hiyo hulazimisha kila noti iangukie kwenye mojawapo ya noti 12 za kinanda. Kwenye Bongo Fleva ni ladha inayotafutwa, na hakuna ubaya. Kwenye nyimbo za unyago au za jando, ambazo vipimo vyake vya sauti si vya kinanda, hufuta kile kilichomfanya mtu aende kurekodi.

Kuhusu upatikanaji wa programu zenyewe, nakala zilizovunjwa kufuli hupita mikononi kwa flashi na nyingi huja na virusi. Bora mwanafunzi aanze na zile ambazo mtu anaruhusiwa kuzitumia: Audacity ni ya bure moja kwa moja, Reaper hutoa siku 60 za majaribio na bei yake ni nafuu kuliko nyingi, na FL Studio ya majaribio hufungua karibu vitu vyote na huruhusu kuhifadhi, lakini kazi iliyohifadhiwa haifunguki tena mpaka mtu alipie. Hili la mwisho lijulikane mapema. Na kwa kuwa bando ni ghali na mtandao huyumba, ni busara kupakua kitabu cha maelekezo ya programu mara moja na kukiweka kwenye laptopu.

Uhifadhi ujifunzwe siku ya kwanza. Dakika moja ya treki moja, kwa sampuli 48,000 na biti 24, hula takriban megabaiti 8.6, na wimbo wa dakika tano wenye treki nane huzidi megabaiti 340. Kila wimbo uwe na folda yake, na sauti zote ziwe ndani ya folda hiyo, maana programu huhifadhi mpangilio kwenye faili dogo huku sauti zikibaki pengine. Anayebeba faili dogo peke yake kwenda studio nyingine hufika na treki tupu. Umeme ukikatika, laptopu yenye betri nzima huendelea, kadi inayolishwa na laptopu huendelea pia, na rekodi hubaki salama. Kompyuta ya mezani inataka betri ya akiba pembeni, na programu ipangwe kujihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache.

Kumiksi ni elimu ya peke yake, lakini mwanafunzi anayetoka kwenye njia, kiwango na mwendo tayari ana masikio ya kuianza. Aanze na vitelezi tu, asawazishe sauti zote bila plagini, kisha asikilize kwenye spika za studio, kwenye simu, na kwenye redio ya bajaji, kwani huko ndiko wimbo utakakoishi. Ngoma nzito inayotikisa chumba mara nyingi hupotea kabisa kwenye spika ya simu. Kinachomrudishia msikilizaji ngoma hiyo ni mlio wa kiganja juu ya ngozi, ulio juu zaidi, na ndio wa kuongezwa kidogo.

Kazi ikiisha hutolewa nakala ya WAV ya kuhifadhi na ya MP3 ya kusambaza. Ndani ya nakala hizo mna nafasi za maandishi: jina la wimbo, mwimbaji, mtunzi, mwaka. Wengi huziacha tupu. Kwa rekodi za ngoma zijazwe zote, pamoja na jina la kikundi, kijiji, na kila mpigaji kwa ngoma yake, kwa idhini yao. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatambua pia sanaa za jadi za jamii, na rekodi yenye majina ni rahisi kusajiliwa COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, na kutetewa pale biti ya mtu wa mbali inapoibuka na vinganga vya Newala ndani yake. Majina hayo yaandikwe palepale uwanjani, kabla wapigaji hawajaondoka.